Pengo la Kinyozi

Inatangazwa kwa wananchi wote wa mji huu, wauzaji na wanunuzi, pamoja na wale wa kundi la tatu ambao hushika bidhaa, huigeuza, huuliza bei, hushtuka, kisha huenda zao: miongoni mwenu anaishi msanii. Kaeni vizuri. Msanii huyu amepanda jukwaani kila gulio kubwa la mwaka tangu wengi wenu mkibebwa mgongoni. Hajawahi kuimba. Hajawahi kucheza. Hajawahi kutamka neno hata moja kwenye kipaza sauti. Kazi yake ni kusimama nyuma kabisa ya bendi ya matarumbeta, ameshika masahani mawili ya shaba yanayoitwa matoazi, na katika wimbo mzima kuyagonganisha mara chache kuliko vidole vya mkono mmoja. Msijifanye hammjui. Ndiye aliyewashonea hizo suruali.

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho, ambako halimsumbui mtu. Mjini anaitwa Bi Chwaa, kwa mlio wa matoazi yake, na kwa miaka mingi alikuwa mke wa Kinyozi. Kinyozi naye alikuwa na jina, ila nani angelitumia? Mji ulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kunyoa na kupiga tarumbeta, na mtu huyo alikuambia hivyo kabla hujakaa kitini.

Nyumba yao iko kwenye njia ya kwenda sokoni. Baraza ya mbele imegawanywa kwa ukuta wa mbao nyembamba. Upande mmoja kuna cherehani ya miguu, meza ya kukatia na pasi ya mkaa. Upande wa pili kuna kioo chenye ufa, kiti cha kuzunguka ambacho kiliacha kuzunguka zamani, na msumari wa kutundikia tarumbeta. Ukuta ule ulizuia nywele. Maneno haukuyazuia. Bi Chwaa akitunga uzi kwenye sindano, alisikia habari za mpira; akikata kola, habari za serikali; akipiga pasi, habari za Kinyozi mwenyewe, ambazo hazikuwa na mwisho. Alizijua hadithi zote za mumewe, hata mahali pa kukohoa. Wateja walimwuliza kama hachoki kusikia. Alisema anasikia, tatizo ni pa kuweka.

Kinyozi alifariki msimu wa mvua uliopita. Kifua. Muuguzi aliyekuwa zamu alimweleza mjane kwamba mgonjwa alikuwa akimsimulia jambo, akatua ili avute pumzi, na pumzi haikuja. Bi Chwaa aliuliza ni jambo gani. Muuguzi akainamisha macho, akasema hakuwa anasikiliza sana, alikuwa anapima joto la mgonjwa wa kitanda cha pili. Bi Chwaa hakumlaumu. Nani amewahi kumsikiliza sana mtu yule? Lakini tangu siku hiyo hujikuta amesimamisha miguu katikati ya mshono, cherehani imenyamaza, anajaribu kukisia ilikuwa hadithi ipi. Angeambiwa mwanzo tu, angeimalizia yeye.

Sasa lazima nieleze habari ya pengo, maana bila hiyo hakuna kisa.

Bendi yetu ina mila moja tu, ukiacha ile ya kuchelewa. Mpigaji akifa, katika gulio kubwa linalofuata wimbo wa ufunguzi hupigwa bila sehemu yake. Hashikiwi nafasi na mtu. Pale alipokuwa akipiga yeye panaachwa wazi, na wimbo ukiisha ndipo mwingine anatafutwa na maisha yanaendelea. Wakongwe wa bendi watakueleza, huku wametazama mbali, kwamba pengo ni heshima tuliyoachiwa na waliotutangulia. Ukweli ni kwamba mpigaji wa kwanza wa ngoma kubwa alifariki gulio limekaribia mno, hakupatikana mwingine mwenye mgongo wa kulibeba dude lile, wakapiga hivyo hivyo kwa aibu. Watu wakalia. Wakasema, tazama heshima hiyo. Mila nyingi huzaliwa hivyo, upungufu ukivalishwa koti. Ila koti likishavaliwa na vizazi viwili, jaribu wewe kulivua.

Mapengo yaliyopita yalivumilika. Alipofariki mpiga pembetatu, hakuna aliyegundua. Hata mama yake mzazi aliuliza kama wimbo umeshapigwa. Alipofariki mpigaji wa pili wa ngoma kubwa, bendi iliandamana kila mtu na hatua zake, nusu wakaingia buchani na nusu wakaelekea stendi. Watu walisema marehemu angefurahi. Lakini Kinyozi alikuwa habari nyingine. Katikati ya wimbo wa ufunguzi bendi nzima hunyamaza, ngoma, filimbi na kila kitu, tarumbeta likabaki peke yake. Linapanda, linazunguka huko juu, linashuka polepole, ndipo wote wanaingia kwa pamoja kufunga. Ukiliondoa tarumbeta, unabaki na kimya kitupu mbele ya soko zima, kirefu kama toba ya mwizi mzoefu.

Kinyozi aliipenda picha hiyo kuliko dawa zote alizopewa. Siku zake za mwisho, alipokuwa akipumzika kati ya hadithi na hadithi, alimwambia mkewe, "Wasinishikie mtu. Wanikose kidogo."

Bi Chwaa alikuwa anakunja blanketi. Katika ndoa ile alikuwa ameombwa mengi na mengi aliyakataa papo hapo, kwa sababu nzuri. Hili hakulikataa wala hakulikubali. Aliona kesho ipo. Ndiyo maana lilimkaa kooni kuliko yote. Ahadi uliyoitoa unaweza kuivunja, lakini ile ambayo hukuitoa utaivunjaje?

*

Mwaka huu gulio lilikuwa liwe kubwa kuliko kawaida. Kungekuwa na wachoraji na turubai lao, wafinyanzi, wasusi wa vikapu, kwaya za miji ya jirani, mgeni rasmi, na redio ya kurusha mambo hewani moja kwa moja. Hiyo redio ndiyo iliyomkosesha Mwenyekiti wa kamati usingizi. Mwenyekiti anauza saruji na mabati, na ni mtu ambaye hata akikuuliza umeamkaje unahisi kuna ajenda ya pili. Alimwita Mwalimu wa bendi dukani, akamkalisha juu ya mfuko wa saruji, akamweleza kwamba kimya redioni si heshima, kimya redioni ni ajali. Watu watadhani umeme umekatika. Mgeni rasmi atadhani tumesahau wimbo. Halafu akamalizia na methali, kwa kuwa asiye na hoja hukopa kwa wahenga: asiyekuwapo na lake halipo.

Mwalimu wa bendi ni mstaafu wa kufundisha hesabu, mpole, na hajapata kumkatalia mtu jambo tangu azaliwe. Asubuhi ya siku ile alikuwa amemhakikishia Bi Chwaa kwamba pengo litakuwepo. Mchana akamhakikishia Mwenyekiti kwamba halitakuwepo. Mtu wa hesabu, lakini hapo alishindwa kujumlisha, akaenda kujilaza kabla jua halijazama.

Bi Chwaa aliujua ukweli kupitia koti. Makoti ya bendi ni mekundu, yana vifungo vya shaba, na hukaa kwenye sanduku la kamati. Yote ameyashona yeye. Mwalimu alikuja na moja mkononi, akaliweka juu ya meza ya kukatia kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto. Akasema linahitaji kuachiwa mshono kidogo mabegani, lipanuke.

Bi Chwaa hakuhitaji kulifungua. Kola ilikuwa imelika upande wa kushoto, kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na tabia ya kuinamisha shingo upande huo kila akipuliza.

"Hili la mume wangu."

"Ni la bendi, dada yangu. Ila ndiyo, ndilo alilokuwa akivaa." Mwalimu alifuta jasho lisilokuwepo. "Kuna mgeni anakuja kutoka mji mkubwa. Siku moja tu."

"Anakuja kufanya nini?"

"Kusaidia."

"Kusaidia wapi?"

Mwalimu akaitazama cherehani kana kwamba ndiyo iliyouliza. "Pale," alisema. "Pale katikati."

Msomaji mpenda makuu anangoja Bi Chwaa aliunguze koti kwa pasi, au alipasue, au alikumbatie na kulia. Pole. Alichukua chaki. Akauliza, "Mabega tu, au na kifua?"

Lakini Mwalimu alipoondoka aliketi na koti mapajani, mkasi mkononi, asiweze kukata uzi wa kwanza. Upande wa pili wa ukuta hapakuwa na mtu wa kumwambia lolote. Alikuwa ameombea kimya miaka yote ya ndoa yake. Kilipokuja kikamkuta hana pa kukiweka pia. Mwishowe akakata, kwa kuwa mfanyakazi ni mfanyakazi, na kwa kuwa mshono aliouweka mwenyewe hakutaka ufumuliwe na fundi mwingine ovyo ovyo.

Mgeni alikuja kupimwa siku iliyofuata. Bi Chwaa alikuwa amejiandaa kumchukia, na alikuta kazi ngumu. Alikuwa mwanamume mnene wa makamo, kichwa hakina unywele hata mmoja, viatu safi, na alivivua mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyoosha mikono."

Akanyoosha. Koti lilimbana kwapani. Alisifu mshono, akasema huko kwao mafundi wamekuwa wa haraka haraka, kitu kinakufumukia ukiwa jukwaani. Kisha akauliza aliyekuwa akilivaa amehamia wapi.

"Makaburini," alisema Bi Chwaa, pini zikiwa mdomoni. "Simama wima, nisikudunge."

Mtu yule akasimama wima kweli kweli. Baada ya kitambo akauliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa nani yake, na alipojibiwa alianza kulivua. Bi Chwaa akamzuia kwa kiganja kifuani.

"Niliitwa kazini, mama. Sikuambiwa kuna msiba."

"Msiba ulishakwisha. Hiki ni kiporo."

"Basi niseme naumwa, nirudi."

"Ukirudi wataleta mwingine mwembamba, na mimi nimeshaachia mabega."

Mgeni alibaki amenyoosha mikono kama kinyago cha kutishia ndege, akauliza marehemu alikuwa anapigaje. Bi Chwaa aliendelea kutia chaki. Angeweza kusema uongo, waliofiwa huruhusiwa. Akamwambia kwamba alikuwa anapiga vizuri kila mahali isipokuwa juu kabisa. Ile sauti ya kileleni hakuipata hata mwaka mmoja. Kila akiifikia, tarumbeta lilikwaruza kama jogoo aliyekabwa shingo, na soko zima likacheka. Yeye akainama kuwashukuru, kana kwamba ndivyo wimbo ulivyotungwa.

"Na nyumbani alisemaje?"

"Kwamba ndivyo wimbo ulivyotungwa."

Mgeni alicheka, akajirudi haraka, akaziba mdomo kwa mkono wa koti uliojaa pini, zikamdunga. Ndiyo damu pekee iliyomwagika katika ugomvi huu.

*

Mazoezi hufanyika kwenye ghala nyuma ya soko, kati ya magunia. Hapa mfahamu jinsi bendi yetu inavyofanya kazi, kwa sababu huko ndiko mambo yalikopindia. Mwalimu husimama mbele na kijiti, lakini hupunga mikono kwa namna ile ile katika kila wimbo, kama mtu anayefukuza nzi kwenye jeraha. Bendi ilijifunza zamani kutomtazama. Kinachoiongoza ni matoazi. Chwaa ya kwanza, anza. Chwaa nyingine, geuza. Na pale katikati, bendi ikishanyamaza, chwaa moja humfungulia mwenye tarumbeta mlango, na chwaa ya baadaye humfungia na kuwaingiza wenzake. Mwalimu mwenyewe alimweleza mgeni jambo hilo bila haya: "Usinifuate mimi. Subiri matoazi. Pasipo na chwaa, hapa hapumui mtu."

Wakapiga. Bi Chwaa akagonga pale katikati, mgeni akaingia.

Nitasema ukweli, hata kama utaniponza siku nikienda kushonesha. Alipiga vizuri kuliko Kinyozi. Alipanda bila kukimbia. Alipofika kileleni, ile sauti iliyokuwa ikikwama miaka yote ilitoka safi, laini, ikakaa hewani juu ya magunia. Vumbi lenyewe lilikuwa kama limesimama. Mpiga ngoma kubwa, ambaye ni mdogo wake Kinyozi, aliachia kirungu kikamwangukia mguuni asihisi. Mtu wa filimbi akanong'ona kwamba hata marehemu hakuwahi, kisha akakumbuka nani amesimama nyuma yake, akaanza kuchunguza filimbi yake kana kwamba ameiokota.

Bi Chwaa alisimama na matoazi yake, na vinyweleo vya mikono vilikuwa vimemsimama. Hilo ndilo lililomtisha. Angekuwa mbovu yule mgeni, mambo yangekuwa mepesi. Lakini siku ya gulio mji mzima ungesikia wimbo wao jinsi ulivyopaswa kuwa tangu mwanzo, wangefuta machozi, wangesema kumbe. Na neno hilo, kumbe, lingemzika Kinyozi mahali ambapo wachimba kaburi hawakufika. Binadamu hufa kwanza kwa ugonjwa. Mara ya pili hufa siku anapopatikana aliyemzidi.

Shemeji yake alimsindikiza nyumbani, ngoma mgongoni, kiatu kimoja mkononi kwa sababu kidole kilikuwa kimevimba. Alizungukazunguka kwanza, akasifu hali ya hewa, akalaani magunia. Mwisho akatoa lililokuwa moyoni. Kwa maoni yake mgeni aachwe apige. Mwenyekiti ameshatamka kwamba bendi ikimwaibisha redioni, mwakani patawekwa mashine ya muziki, ambayo haichelewi, haili, na haifi. Ghala ni la kamati, makoti ni ya kamati. Wataenda kupigia wapi, makaburini?

"Na kaka mwenyewe, shemeji, angemsikia yule jamaa angempigia makofi."

"Kaka yako hajapata kumpigia makofi mtu mwingine."

Shemeji akatafakari kwa uaminifu wote. "Kweli," alikiri. "Hata kwenye harusi yangu alijipigia mwenyewe."

Wakatembea. Mbele ya baraza Bi Chwaa alisimama, ufunguo mkononi. Hakupandisha sauti, angeweza kuwa anauliza habari za kidole.

"Shemeji. Pale katikati, mimi nikichelewa kugonga, wewe utafanyaje?"

Ngoma iliteleza mgongoni kwa mtu yule, akaidaka. Alimtazama shemejiye, akautazama mlango wa upande wa pili, uliokuwa umefungwa kwa kufuli. Macho yakamjaa maji, akasingizia kidole.

"Nitasubiri," alisema. "Sote tumefundishwa kusubiri."

"Haya. Kanda kwa maji ya moto na chumvi."

*

Siku ya gulio jua liliamka mapema kuliko kamati. Turubai la wachoraji lilifungwa kwa kamba za mbuzi. Wafinyanzi walipanga vyungu kwa ukubwa, mkubwa mbele, kama familia inayopigwa picha. Kwaya tatu zilivaa rangi moja kwa bahati mbaya, zikawa zinatazamana kwa jicho la pembe. Wauza vitambaa, wauza taa, wauza miche na wauza maneno walijipanga mpaka barabarani. Mgeni rasmi aliwekwa chini ya hema penye kiti chenye mikono. Mtu wa redio alisimamisha kipaza sauti chake mbele ya bendi na kuomba watu wasikiguse, jambo lililowafanya wakiguse.

Bendi ilipanda jukwaani. Mgeni alivaa koti lililomkaa barabara. Ukilisogelea sana ungeona mahali palipoachiwa mshono, rangi iliyojificha ndani ikiwa nyekundu zaidi kuliko ya nje. Watu walimwona. Minong'ono ilipita sokoni kama upepo kwenye mahindi: kumbe wamemshikia. Mwanamke mmoja, muuza vikapu, alisema kwa sauti kwamba haya ndiyo mambo ya siku hizi, maiti hapewi hata nafasi ya kupumzika.

Mwalimu akainua kijiti. Hakuna aliyemtazama. Bi Chwaa aligonga, na wimbo ukaanza.

Ulianza vizuri, ngoma ikitembea, filimbi zikiruka juu yake. Chwaa ya kugeuza ilipigwa, wakageuza. Kisha wakafika pale. Ngoma ikanyamaza, filimbi zikanyamaza, mgeni akaweka tarumbeta mdomoni na kujaza kifua. Bi Chwaa akainua matoazi yote mawili juu ya kichwa chake, yakashika jua.

Akayaacha huko.

Mwanzoni soko lilidhani ni madoido. Mwalimu aliendelea kufukuza nzi wake. Mgeni alisubiri, mashavu yamevimba, jicho limegeukia nyuma. Alipoiona mikono ile imesimama angani, haitetemeki wala haishuki, alielewa. Aliitoa pumzi polepole kupitia puani. Akalishusha tarumbeta, akaliegemeza kwenye paja. Akainamisha kichwa chake kile kisicho na nywele. Mpiga ngoma alikuwa ameshafumba macho.

Mtu wa redio akagonga kidude chake mara kadhaa. Chini ya hema, Mwenyekiti alisimama nusu, akabaki hivyo hivyo, hajakaa wala hajasimama, maana kupiga kelele hawezi, redio itamnasa. Na kimya kikatoka jukwaani, kikashuka ngazi, kikaingia sokoni. Kiliwafikia wa vyungu, kikapita kwa wachoraji, wakaacha brashi. Mwenye kupima nafaka alishikilia kopo hewani. Wanaume wakaanza kuvua kofia, na kwa mara ya kwanza tangu lijengwe, soko lile lilisikia kamba za hema lake zikikwaruzana.

Halafu likatokea jambo ambalo hakuna kamati ingeweza kulipanga. Watu walikuwa wanaufuata wimbo vichwani mwao. Kila mmoja alikuwa amesimama na tarumbeta la Kinyozi ndani ya fuvu lake, linapanda, linapanda, linazunguka kuelekea kileleni. Walipofika pale, pale hasa, mtu mmoja upande wa vikapu aliguna kicheko. Papo hapo na upande wa taa wakacheka, na wa vitambaa, na kwaya zote tatu, soko zima kwa pamoja, kicheko kifupi, kwa ajili ya ule mkwaruzo ambao haukupigwa. Kikakatika. Kimya kikarudi, na sasa wengi walikuwa wanalia, kwa sababu walikuwa wamegundua walichokuwa wakikifanya.

Bi Chwaa hakucheka, hakulia. Midomo yake ilikuwa inatembea kidogo sana. Wimbo usiosikika ulishuka, ukatulia chini kabisa, na pale pale ulipokuwa ukiishia kila mwaka, aligonga.

Bendi ikaingia kama maji yaliyofunguliwa. Mgeni alipiga pamoja na wenzake, sauti yake ndani ya zao, mpaka mwisho. Mpiga ngoma aliipasua ngoma, kweli kweli, ngozi ikachanika.

Sasa mtazameni Mwenyekiti. Alikuwa ameshaanza kupanda ngazi za jukwaa, shingo imemvimba, kidole kimetangulia mbele. Ngazi ya katikati aligeuka kumwonyesha mgeni rasmi kwamba anashughulikia. Akamwona mgeni rasmi amevua miwani, anajifuta macho kwa ncha ya tai, na mtu wa redio ananong'ona hewani kwamba hajawahi kushuhudia kitu kama hiki. Mimi nimewahi kuona kinyonga kazini, lakini huyo alikuwa kinyonga hodari. Alipofika ngazi ya juu, kidole kilikuwa kimeshakuwa kiganja, na kiganja kilikuwa kimeshawekwa kifuani.

Alitwaa kipaza sauti. Aliwafahamisha wasikilizaji popote walipo kwamba kamati yake, baada ya vikao virefu, iliona ni vyema kuenzi mila zetu. Wahenga hawakukosea waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu. Alimshukuru mgeni kwa kuja kutoka mbali ili asipige. Alitangaza kwamba pengo litakuwepo daima, na mashine ya muziki aliyoisikia ikitajwa na watu fulani asiisikie tena. Mwalimu wa bendi alitikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali kila kitu.

Mwisho akamwita mjane. Bi Chwaa alisogezwa mbele, mahali asipopajua, matoazi yakining'inia kwenye kamba zake. Soko likatulia tena. Mwenyekiti akashusha sauti mpaka ikawa ya mazishini.

"Mama yetu, mke wa msanii wetu. Taifa zima linakusikiliza. Pale ulipoinua mikono, katika kimya kile kizito, hebu tuambie, ulisikia nini moyoni?"

Akamwelekezea kipaza sauti. Watu walijikusanya, wengine wakashika leso tayari. Bi Chwaa alikitazama kile kidude, akakisogelea kwa tahadhari kana kwamba kina moto.

"Moyoni sijui," alisema. "Mabega ndiyo yanauma. Vyombo hivi ni vizito."